Nani kala bando?

Mwezi huu nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Pale kwetu Nyasho, Musoma, tuna ruta moja ndogo yenye laini ndani. Inalisha kompyuta yangu, ya mume wangu, ya shemeji yangu aliyemaliza kidato cha sita, pamoja na simu zetu wote. Waliotutangulia walihangaika zaidi. Windows 98 toleo la pili ilipokuja na uwezo wa kugawa intaneti mwaka 1999, kompyuta moja ilishika laini, nyingine zikapata kupitia kwake. Ukiizima hiyo moja, nyumba nzima mmekatika. Siku hizi ruta inagawa hewani, kila mtu na kona yake. Ugomvi tu ndio ule ule.

Basi bwana, bando la mwezi likawa linaisha tarehe 15, 16. Nikamwambia mume wangu ni mpira wake. Video ya kawaida hula kama GB 1 kwa saa, na ya picha safi hufika hata GB 3, sasa piga hesabu ya mechi mbili kila Jumamosi! Yeye akasema ni tamthilia zangu za Kituruki, na hela ya kuongeza hatoi. Anafanya kazi Bunda, anarudi usiku kachoka, na mimi mdomo ninao (mnanijua). Maneno yakazidi.

Asubuhi alipoondoka nikafungua ukurasa wa ruta, nikabadili neno la siri. Najua siko peke yangu. Wapo wanaolibadili kama wengine wanavyosusa kupika. Niliandika "mchoyo", ruta ikakataa, inataka herufi zisizopungua 8. Nikaandika "mchoyosana". Nikachukua mkoba, huyoo, Hiace ya Butiama, kumsalimia mama mkwe.

Siku ya pili tumekaa uani tunachambua dagaa, mama akaniuliza, "Mwanangu, hiyo intaneti yenu imeharibika?"

"Hapana mama. Kwa nini?"

"Mdogo wa mumeo kanipigia jana. Kaomba hela akalipie kompyuta za mjini, eti fomu yake ya mkopo wa chuo inafungwa leo usiku. Nimeuza kuku wawili nimtumie."

Nilihisi ungo unanielemea mikononi. Huyu kijana alikuwa katikati ya kujaza fomu mtandao ulipokatika. Angeweza kunipigia, lakini aliona mimi na kaka yake hatuongei, akaona adabu kutoniuliza. Kaka yake naye kiburi, akafika, akakuta hakushiki, akalala. Na mimi katika hasira zangu wala sikumkumbuka mtu wa tatu mwenye shida na laini ile ile.

Nikapiga simu pale pale. "Shemeji, andika neno jipya. M, c, h..." Mtandao unakatakata. "Shemeji sikusikii, rudia!" Nikarudia. "Bado!" Mwishowe nikapaza sauti, "Mchoyo sana! Herufi ndogo, bila nafasi katikati!"

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Nani huyo mchoyo sana?"

Sikuwa na jibu, nikaomba radhi hapo hapo juu ya mkeka. Fomu ilienda usiku ule.

Niliporudi Musoma tulikaa wote watatu mbele ya ruta. Kama hujawahi, fanya hivi: geuza ruta yako, chini imeandikwa namba, ya kwetu ni 192.168.8.1. Ukiiandika kwenye kompyuta iliyounganishwa unaona vyombo vyote vinavyovuta. Tukapima bando lililobaki, kisha tukawa tunaacha kimoja kimoja hewani kwa muda, tunapima tena. Simu, kidogo. Kompyuta ya mume wangu, kidogo. Ya shemeji, kidogo zaidi.

Ilipofika zamu ya kwangu, bando likaanza kuyeyuka na mimi sijagusa kitufe! Kumbe kila picha ya kazi niliyopiga, kompyuta inaipeleka yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na picha zangu ni nzito. Juu yake inajishushia masasisho. Wengi tunadhani bando linaliwa na kushusha tu. Kupandisha nako kunahesabiwa. Sasa kupandisha picha nimekuzima, nafanya mwenyewe ninapohitaji, na kompyuta nimeiambia kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kiasi, hivyo masasisho mengi yananisubiri.

Mume wangu alininunia siku mbili. Ya tatu akacheka, na tangu hapo tunachangia bando nusu kwa nusu. Kuku wa mama nimewalipa mimi.

Neno jipya la siri kachagua shemeji. Na mama mkwe siku hizi akipiga simu, nikishaamkia, anaitikia marahaba kisha anauliza kama mchoyo sana karudi kutoka Bunda.