Mguu Uliokatwa Unaweza Kuuma

Huenda kijijini kwenu yuko mtu aliyekatwa mguu. Usiku hulalamika kwamba vidole vya mguu ule vinamwasha au vinamuuma. Wenzake humcheka. Wengine husema amerogwa, au mguu ulizikwa vibaya, ufukuliwe. Mimi nasema maneno hayo yakome. Mtu huyo hasemi uongo.

Fanya jaribio dogo. Fumba macho. Mwenzako akuguse ncha ya kidole kwa njiti mbili za kiberiti, zikiwa zimeachana kidogo tu. Utajua kuwa ni mbili. Kisha akuguse mgongoni vilevile. Utadhani ni njiti moja. Kwa nini? Vidole vina mishipa mingi ya fahamu, na ubongo umevitengea sehemu kubwa. Mgongo ni mpana, lakini umepewa sehemu ndogo. Shamba kubwa hapewi mtu mnene, hupewa mwenye kazi nyingi.

Aliyechora ramani hiyo ni Daktari Wilder Penfield wa mji wa Montreal, nchi ya Kanada. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kwa hiyo aliwapasua wagonjwa wakiwa macho. Aligusa ubongo kwa umeme mdogo. Akigusa hapa, mgonjwa alisikia kitu mkononi, ingawa mkono haukuguswa. Akigusa pale, alisikia mdomoni. Mwaka 1937 yeye na mwenzake Edwin Boldrey waliandika waliyoyaona.

Basi mguu ukikatwa, sehemu yake katika ubongo haikatwi. Inabaki. Mishipa iliyokatwa nayo huendelea kupeleka habari, na ubongo huzipokea kana kwamba mguu upo. Watu wengi waliokatwa kiungo husikia hivyo.

Kwa hiyo acheni jembe, acheni ramli. Mleteni mgonjwa zahanati. Tutatazama kwanza kama kigutu kina kidonda au usaha. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havitoshi. Ziko dawa nyingine za kutuliza mishipa ya fahamu, nasi tutamwandikia barua ya kwenda hospitali. Wengine hupata nafuu kwa kioo. Mtu hukaa, husimamisha kioo katikati ya miguu, huutazama humo mguu mzima na kuuchezesha polepole. Macho huona miguu miwili. Si wote wanaosaidika, lakini kujaribu hakuna gharama. Kioo kirefu cha ukutani kinafaa.