Hiyo Si Staili, Ni Simiti Iliisha

Mimi ni fundi wa kabati. Karakana yangu iko Mowlem: mabati machache, meza ya msumeno, na redio isiyozimwa. Nasema haya mapema ili usidhani anayeandika ni mtu aliyekalia kochi akichukia vitu vya watu. Kazi ninayokwenda kuisema vibaya niliifanya kwa mikono yangu, nikalipwa, nikala.

Mwaka jana landilodi mmoja wa hapa mtaani alinipigia simu. Alikuwa anamalizia ghorofa sita, nyumba za chumba kimoja cha kulala. Akanipeleka jikoni, mahali ambapo nikinyoosha mikono yote miwili nagusa kuta mbili. "Fundi, hapa sitaki kabati," akasema. "Nataka mbao za paleti juu ya mabomba ya chuma. Ukuta tunauacha hivyo hivyo."

Hivyo hivyo maana yake mawe ya Ndarugo yakiwa wazi, na simiti ya viungio imechuruzika ikakaukia hapo ilipofika. Paipu za maji na za waya wa stima zinapita nje ya ukuta. Balbu inaning'inia uchi.

"Mzee, na plasta?"

Akacheka. "Wewe umebaki nyuma. Hii ndiyo staili siku hizi."

Mwezi mmoja baadaye tangazo likabandikwa getini: jiko la kisasa, mtindo wa kiwanda na nyumba ya shambani. Kodi ilikuwa juu kwa elfu mbili kuliko ploti ya jirani, yenye plasta, vigae na kabati. Hebu piga hesabu hiyo mwenyewe. Mpangaji anaongeza pesa ili apunguziwe nyumba, kisha anaambiwa ashukuru kwa sababu amepewa ladha.

Huo mtindo una kwao. Kule New York, katika miaka ya 1960, viwanda vilihama eneo linaloitwa SoHo na kuacha maghala matupu. Wasanii waliokosa pesa wakaingia humo kuishi na kufanya kazi, wengi wao kinyume cha sheria, hadi mwaka 1971 jiji lilipowaruhusu. Mabomba na matofali waliyakuta. Baadaye wenye pesa wakaona yanapendeza wakaanza kuyanunua. Upande wa shamba ulipata umaarufu kwenye runinga: mwaka 2013 Chip na Joanna Gaines wa Waco, Texas, walianza kuonekana katika kipindi cha Fixer Upper wakifufua nyumba kuukuu, wakifunua mbao za zamani ukutani na kuweka rafu zisizo na milango. Kiwanda na shamba vikaoana, na mtoto wao ndiye huyu tunayeletewa Mowlem.

Sina ugomvi na watu wa New York wala wa Waco. Kiwanda chao kilikuwa kimekufa, na shamba lao lilikuwa la babu. Mtu hupamba kaburi, hapambi kidonda. Kwetu kiwanda bado ki hai. Jirani zangu huamka saa kumi za usiku kwenda Industrial Area, wengine kwa miguu siku nauli ikipanda, na jioni hurudi na chuma masikioni na vumbi kwenye kope. Halafu mtu huyo afungue mlango wake akute kiwanda kingine kinamngoja jikoni? Na akilipie elfu mbili zaidi?

Shamba nalo liko hapo tu. Ukishika barabara ya Kangundo ukaifuata, utafika Tala, na ukiingia ndani kidogo utafika kwa mama yangu. Jiko lake ni nyumba ya shambani halisi. Lina mafiga matatu, sufuria zimening'inizwa kwenye misumari, na mbao za paa hazikupakwa kitu. Rangi yake ni masizi. Masizi yananing'inia kama nyuzi, na ukicheka kwa nguvu yanaanguka kwenye muthokoi. Mama amepika humo miaka zaidi ya arobaini. Ana kikohozi ambacho tumekizoea kiasi kwamba kinapokosekana ndipo tunauliza kama yuko salama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020 pekee. Kwa hiyo ninaposikia neno "shambani" limewekwa kwenye tangazo kama ua, nasikia kikohozi.

Mama alipokuja kunitembelea mara ya kwanza baada ya mimi kupata nyumba yenye jiko la ndani, hakuketi. Aliingia jikoni, akapitisha kiganja kwenye vigae vyeupe nyuma ya meko, kisha akakigeuza akakitazama. Kilikuwa safi. Akapitisha tena. "Hapa mtu anaweza kupika akiwa amevaa nguo ya kanisani," akasema. Hilo ndilo somo langu lote la upambaji, na sijapata lingine linalolishinda.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia vijana wa michoro ya nyumba wakicheka vigae vinavyong'aa, vitambaa vya kudarizi, na karatasi za kubandika zenye sura ya marumaru. Wanaita ushamba. Hawajui wanachokitazama. Kule kung'aa ni ushahidi kwamba kuna mtu amefuta. Mwanamke aliyetoka kwenye masizi anataka ukuta unaomwonyesha uchafu ili autoe. Mwenye kuuita huo ushamba hajawahi kusugua sufuria kwa majivu.

Sasa nizungumze kama fundi, maana huenda unafikiri ni hisia tu. Jiwe la Ndarugo lina vinyweleo. Mafuta yakiruka, linayanywa. Hulifuti kwa kitambaa. Ukilisugua kwa brashi linatoa unga, na unga unaingia kwenye chakula. Ile mianya kati ya jiwe na jiwe ni nyumba ya mende, tena ya bure, hawalipi deposti. Rafu isiyo na mlango inapendeza kwenye picha, lakini sisi tuna barabara yenye vumbi upande mmoja, na ng'ambo ya mto kuna jalala la Dandora, ambalo huwaka moshi siku linapotaka. Sahani ya asubuhi uioshe tena jioni kabla hujaila, na maji yenyewe huja kwa zamu, yakikaa kwenye mitungi iliyojaa sakafu ile ile finyu.

Na paleti? Kabla hujaweka kikombe cha mtoto juu ya ubao wa paleti, tafuta chapa yake. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. MB maana yake zilifukizwa kwa methyl bromide, sumu ya kuulia wadudu. Paleti zinazofika kwenye karakana za Eastlands mara nyingi zimeshapasuliwa, chapa haipo. Nilimwambia landilodi hivyo. Akaniambia nipige msasa na vanishi.

Nikapiga.

Wapo watakaoniambia kwamba ladha ni ya mtu, nisiingilie. Nakubali kabisa. Mtu wa Kilimani akiniita nimwekee rafu za chuma na mbao mbichi, nitakwenda, na nitafanya kazi safi. Ana kabati nyingine stoo, ana kifyonza moshi juu ya jiko, na akichoka na mtindo atanipigia tena niung'oe. Chuma chenyewe nakipenda. Nenda Kamukunji usikilize wale mafundi wa jua kali wakigonga karai, sufuria na majiko, uniambie kama kuna urembo unaoshinda kitu kilichotengenezwa vizuri kwa kazi yake. Ninachokataa ni kumvisha mpangaji chaguo la mtu mwingine, kisha kumwita mshamba akilivua.

Maana hilo ndilo lililotokea. Dada mmoja wa ghorofa ya nne kwenye ile ploti huamka usiku kupika chapati za kuuza kwenye mijengo. Wiki ya tatu ukuta wake ulikuwa umeshika mafuta. Akanunua ile karatasi ya marumaru akaibandika kuanzia juu ya meko hadi karibu na balbu. Jiko likang'aa. Keateka alipopita akamwambia aibandue, anaharibu sura ya nyumba, la sivyo deposti yake asahau. Dada akanipigia mimi kwa sababu namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa penseli chini ya rafu.

"Fundi, si wewe ndiye uliweka hizi mbao? Niambie, kosa langu ni gani?"

Sikuwa na jibu. Kosa lake lilikuwa kumaliza kazi ambayo mwenye nyumba hakuimaliza.

Jiko dogo si laana. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt, Ujerumani, upana mita 1.9 na urefu mita 3.4 hivi. Alianza na swali: mwanamke anapiga hatua ngapi kutoka jiko hadi sinki? Akaweka dirisha, droo za unga na mchele, milango ya kabati, na taa inayosogezwa. Yalijengwa majiko kama 10,000. Ernst May, aliyesimamia mradi huo mzima, baadaye alikuja Afrika Mashariki na akafanya kazi ya usanifu hapa hapa Nairobi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini mfanyakazi Mwafrika wa Eastlands nyakati hizo alihesabiwa kama mwanamume mmoja na kitanda kimoja. Jiko lilikuwa shauri lake na mkaa wake. Hata mradi wa Dandora wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wengi uliwapa kiwanja chenye choo na bafu, vyumba na jiko wakajijengea. Hatua za mama zetu hakuna aliyezihesabu. Ndiyo maana leo mtu anaweza kutuuzia jiwe tupu na likanunulika.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta nyumba, usilipe deposti kabla hujapitisha kiganja ukutani. Uliza dirisha la jikoni linafunguka wapi. Uliza vigae vinafika wapi juu ya sinki. Ukiambiwa ni mtindo, uliza kama mtindo unapunguza kodi. Na nyinyi mafundi wenzangu, tusijifiche nyuma ya "mteja ndiye anayeamua." Anayeishi humo si yule anayetulipa, na sisi tunalijua hilo kuliko wote.

Landilodi wangu anajenga ploti ya pili, sasa imefika ghorofa ya tatu. Wiki iliyopita alinipigia, anataka paleti tena, mara hii nyumba ishirini na nne. Hizo ni doo za kulipa karo ya muhula na zaidi, sitadanganya. Nimemwambia nitakuja, lakini plasta kwanza, vigae pili, na dada wa ghorofa ya nne aachiwe marumaru yake.

Bado hajanijibu.