Tusingoje Kongo Itulie

Tangu waasi wa M23 waiteke Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kampuni za Mwanza zinazotaka kuuza dagaa Kongo zinapewa ushauri mmoja: subirini. Hoja za ushauri huo nazijibu moja moja.

"Kongo ni vita." Vita ipo, na inaua. Lakini nchi ile inaizidi Tanzania kwa ukubwa zaidi ya mara mbili. Kutoka Goma hadi Lubumbashi, kusini mwa nchi hiyo, ni mbali kuliko Mwanza hadi Dar es Salaam. Anayeifunga Lubumbashi kwa sababu ya Goma hajatazama ramani.

"Njia ikifungwa, mzigo umepotea." Zamani malori yalipanga foleni Kigongo kungoja kivuko cha Ziwa Victoria. Tangu Juni 19, 2025 yanapita juu ya daraja la kilomita 3 hadi Busisi kwa dakika chache. Mbele, Nyakanazi, barabara inagawanyika: moja inakwenda Rusumo na Rwanda, nyingine Kigoma, ambako mzigo unavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, upande wa Kongo. Mlango mmoja ukifungwa, dereva anapigiwa simu kabla hajafika njia panda. Na dagaa waliokauka vizuri si minofu ya sangara. Wanaweza kusubiri chombo.

"Ulaya ndiyo salama." Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu wabichi kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena, safari hii kwa hofu ya sumu katika Ziwa Victoria. Huko hapakuwa na vita, na bado viwanda vya Mwanza viliumia. Hatukulikimbia soko lile. Tulirekebisha usafi na ukaguzi, tukarudi. Kongo nayo inastahili uvumilivu huohuo.

"Hutalipwa." Hoja hii ina uzito, maana Goma ilipotekwa benki zilifunga milango. Basi tusikopeshe. Nusu ya fedha iingie kabla gunia halijapakiwa, na iliyobaki ilipwe mzigo unapokabidhiwa Kigoma. Mnunuzi wa Lubumbashi ana njia ya benki pia: CRDB ya Tanzania ilifungua benki yake huko mwaka 2023.

"Ni kulisha vita." Pale kundi lenye silaha linapokusanya ushuru, mzigo usiende, hapo nakubali kabisa. Lakini kuinyima Kalemie dagaa hakumpunguzii mwenye bunduki risasi hata moja. Anayeumia ni mama anayetafuta kitoweo cha wanawe.

Kwa hiyo kampuni isianze na malori kumi. Itume mtu Kalemie akawaone wanunuzi na ghala kwa macho yake, kisha lipakiwe fuso moja. Wanaokula dagaa kule wanakula leo. Atakayengoja hadi amani itiwe saini atakuta wateja wameshazoea mzigo wa mwingine.