Pwani si kwa kazi tu



Mwezi uliopita tulimbania gauni biharusi mmoja mara mbili. Mara ya kwanza kiunoni, mara ya pili mpaka mabegani. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anaandika utafiti, na mitihani na harusi vimekuja pamoja. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Siku ya kujaribu gauni alijitazama kwenye kioo akalia, na hakikuwa kilio cha furaha. Tukamwambia: vitabu viache, Jumapili twende Uroa.

Tulikwenda wanawake saba, kwa ruhusa ya mama yake. Kwanza tuliangalia mwezi, maana siku za bamvua upande ule maji hupwa asubuhi hadi mbali, yakajaa alasiri. Asubuhi tukatembea mchangani, tukawaamkia kinamama wa mwani. Adhuhuri tukasali jamaa chini ya minazi, tukala chapati na kuku. Biharusi alikula sahani mbili, kisha akalala mkekani saa nzima. Hatukumwamsha. Alasiri tukaingia majini, na Magharibi ilitukuta mjini.

Usiku huohuo mambo yakaharibika. Mmoja wetu aliweka picha kwenye simu, ikamfikia mkwe mtarajiwa. Neno likarudi: mwari aliyebakiza wiki sita aolewe, pwani anatafuta nini?

Hapa tuna maneno mawili.

La kwanza ni letu. Picha ilikuwa kosa letu. Kweli alikuwa amejisitiri, lakini sura ni yake na hatukumwomba idhini. Tulikwenda wenyewe kwa yule mama kumtaka radhi, tukamweleza hali ya mtoto. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Alikula?" Tukajua kwamba tumesamehewa.

La pili ni la wazee wetu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kimeenea visiwani kwetu, na wengi wanaokilima ni wanawake. Kabla ya hapo bibi zetu walichokoa chaza na kukamata pweza pwani hiyohiyo. Hakuna aliyesema hawana haya. Basi kwa nini mwanamke akishuka pwani na gunia la mwani ni mchapakazi, na akishuka na mkeka apumzike amekosa adabu? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini. Dini yetu haikukataza moyo kupumua. Imetuwekea mipaka, na mipaka tunaijua.

Kwa hiyo dada, ukitaka kwenda, nenda vizuri. Omba ruhusa. Nenda na wanawake unaowaamini. Pangeni safari kwa nyakati za sala. Usiingie majini na baibui: likilowa huwa zito na kukuvuta miguu. Shona suruali pana na kanzu ya kufika magotini, kitambaa chepesi kisichonywa maji, rangi ya kiza isiyoonesha mwili, na mtandio wa kuvaa usiohitaji pini. Usivuke kina cha kiuno kama hujui kuogelea. Na simu ikae mkobani.

Tusidanganyane, siku moja ya pwani haimalizi utafiti wala haitoi mahari. Mtoto atarudi kwenye meza ileile. Lakini atarudi amelala, amekula, na amecheka na wenzake. Wiki hii biharusi wetu amekuja kujaribu tena gauni, tukafumua mshono mmoja wa kiuno. Hatujawahi kufurahia kazi ya kufumua kama siku hiyo.

Nawe mama, binti yako wa chuo akikuomba siku moja, muulize anakwenda na nani na atarudi saa ngapi. Majibu yakikuridhisha, mfungie maandazi aende.