Kahawa ya Kivu inavuka ziwa na kuacha jina lake nyuma

Katindo, Goma – Hapa mtaani utasikia wakaaji wakisema kahawa nzuri ni ya Rwanda. Ni maneno ya kudanganyana. Ziwa ni moja, na mti ni uleule wa arabika, huku Minova na kule Rubavu. Kahawa ya Kalehe, Idjwi au Masisi ikioshwa vizuri ina uchachu mtamu wa matunda, kisha inaacha mdomoni ladha kama ya sukari iliyoungua kidogo. Wanunuzi wa Ulaya wanaijua. Watu wa Goma ndio wa mwisho kuambiwa.

Tofauti inaanzia siku ya mavuno. Tunda jekundu linatakiwa kumenywa siku hiyohiyo, mbegu zichachuke, zioshwe, zianikwe. Rwanda ilijenga vituo vya kuoshea kahawa kuanzia miaka ya 2000, na mwaka 2008 ikawa inchi ya kwanza ya Afrika kufanya shindano la Cup of Excellence. Huku Kivu mkulima aliachwa amenye kwa jiwe nyumbani. Serikali ilipomfikia, ilimfikia na kitabu cha kodi: ofisi hii leo, ofisi ile kesho, kizuizi njiani keshokutwa.

Ndiyo maana kahawa ilivuka usiku kwa mitumbwi, ikauzwa ng'ambo na kubadilishwa jina. Wanaume wengi wa Idjwi na Minova walizama Ziwa Kivu pamoja na magunia yao. Na bado kuna mtu ofisini anayewaita wafanya magendo! Wajane wao ndio wanaochuma leo. Ushirika wa SOPACDI, ulioanza Minova mwaka 2003, uliwapokea wengi wao, ukajenga kituo cha kuoshea, ukapata cheti cha Fairtrade mwaka 2011. Kahawa yao ikaenda sokoni kwa jina la Kongo. Kwa hiyo inawezekana.

Wengine husema: vita viishe kwanza, kahawa baadaye. Waende wakawaambie hayo waliokimbia Kalehe na Masisi. Mti wa kahawa unachukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Ukikosa kupogolewa na kupaliliwa, mavuno yanaanguka. Na matunda yakiiva mwenye shamba akiwa chini ya hema, nani anayachuma? Nani anauza gunia hilo, na kwa jina la nani?

Wenye madaraka, wa upande wowote, wana kazi ya kufanya kabla ya msimu ujao. Machifu waandike shamba la kila familia iliyokimbia, mipaka yake na majirani walioshuhudia. Kodi za kahawa zilipwe mahali pamoja, mara moja. Kila gunia libebe jina la kilima lilikotoka. Na wenye maduka wa Katindo waiweke kahawa ya Minova mbele, pale mteja anapoiona.