Usiangalie Sare, Mwangalie Mgonjwa

Umeajiri wahudumu wa kumtunza mama mkwe aliyepooza. Sare safi isikutosheleze, wala daftari lililojazwa vizuri. Mwombe ruhusa mgonjwa mwenyewe, kisha tazama visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Huko ndiko vidonda vya kulala huanzia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi gusa: pakiwa na joto au ugumu kuliko pembeni, kuna hatari. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa karibu kila saa 2, na usiku pia! Kama wahudumu huondoka jioni, nani humgeuza saa nane za usiku? Naye mama muulize anavyotendewa, mhudumu akiwa nje.