FUNDI WA NYUMBANI: Injini ya Ndege ya Mfano na Chupa Isiyofaa Kukaa Kabatini



Barua niliyoichagua juma hili imetoka kwa koplo mmoja wa polisi anayekaa na jamaa yake katika kambi ya Nsambya. Anaeleza kwamba alinunua katika soko la Owino, kutoka katika rundo la vyuma vikuukuu, injini ndogo inayoenea katika kiganja cha mkono, yenye rafadha ya plastiki iliyovunjika ncha moja. Muuzaji alimwambia kuwa ni injini ya pikipiki ya watoto. Mwanawe, ambaye yuko darasa la pili la sekondari, aliitazama akasema la, hiyo ni injini ya ndege ya mfano. Tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Wameitia petroli, haikuwaka. Wametafuta waya wa cheche, hawakuuona. Na sasa injini yenyewe haizunguki kabisa. Koplo anauliza kama ni nzima au amekula hasara.

Kijana amesema kweli, na hasara bado haijathibitika.

Injini za namna hii ni za mipigo miwili, kama pikipiki zile za zamani zilizokuwa zikiacha moshi wa buluu nyuma yake, ila hazina magineto, hazina koili, wala hazina cheche. Juu ya kichwa cha silinda kuna plagi ndogo yenye uzi mwembamba wa platini uliosokotwa kama springi. Uzi huo hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 mpaka uwe mwekundu. Injini ikishawaka betri huondolewa, na uzi huendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa sababu mbili: joto la mwako wa kila mzunguko, na tabia ya platini ya kuichochea methanoli iungue inapoigusa. Kwa petroli tabia hiyo haitoshi kuendesha kazi. Ndiyo sababu injini ya koplo haikuwaka, na isingewaka hata kama angeizungusha mpaka Krismasi. Plagi za namna hii zilianza kuuzwa na Mmarekani aitwaye Ray Arden mwaka 1947. Kabla ya hapo, mrusha ndege ya mfano aghalabu alilazimika kupakia ndani yake betri na koili, na ndege nzito hairuki vizuri.

Kuhusu kukwama kwake, aghalabu si kutu bali ni mafuta. Injini hizi hulainishwa kwa mafuta ya nyonyo, ule mmea ambao Waganda huuita nsogasoga na ambao huota wenyewe pembeni mwa njia zetu. Mafuta hayo yakikaa miaka mingi ndani ya silinda iliyowahi kupata moto huganda yakawa kama vanishi. Dawa yake ni joto na subira. Fungua plagi uitoe. Iache injini mahali penye hewa mpaka petroli yote iliyotiwa ikauke kabisa, kisha ilaze juu ya bati katika jua la saa saba mchana, au ipulizie mashine ya saluni ya kukaushia nywele, mpaka iwe ya moto kiasi cha kutoshikika vizuri. Tia matone machache ya mafuta mepesi katika tundu la plagi na katika mlango wa moshi, ungoje, halafu jaribu kuizungusha kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikikataa, rudia kesho. Usiibane shafti kwa koleo, wala usiisukume pistoni kwa bisibisi kupitia mlango wa moshi. Mchubuko mmoja tu katika pistoni huvujisha mgandamizo, na hapo ndipo hasara huwa ya kweli. Usiipashe moto juu ya jiko la mkaa.

Ikishazunguka kwa wepesi, na ukizungusha ukasikia inakataa kidogo pistoni inapofika juu, basi mgandamizo upo na injini ina uhai.

Sasa mafuta yake. Mchanganyiko unaotumika hata katika mashindano ya kimataifa ni sehemu 80 za methanoli na sehemu 20 za mafuta ya nyonyo. Yaani katika lita moja, mililita 800 za methanoli na mililita 200 za nyonyo. Wengine huongeza nitromethani ili injini itulie inapokwenda polepole, lakini mwanafunzi haihitaji hata tone. Mafuta ya nyonyo yawe safi, yale ya duka la dawa, si yale yenye manukato ya kupaka nywele. Msomaji atauliza kwa nini tusitumie oili ya kawaida ya gari. Ni kwa sababu oili ya gari haichanganyiki na methanoli: itajitenga peke yake, na injini itapata pombe tupu isiyo na ulainisho, ikajisaga kwa dakika chache. Nyonyo huchanganyika vizuri na huvumilia joto kali. Hata injini nyingi za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zililainishwa nayo, na marubani wakarudi kutoka angani nyuso zao zimepakwa mafuta.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vijitabu vya viwandani havilitaji. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Injini iliyopimwa pwani, ikiletwa huku, hupata mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Itatoa moshi mwingi na kwenda kivivu. Kwa hiyo sindano ya mafuta, ile skrubu ndefu iliyo kando ya kabureta, huku kwetu hufungwa kidogo zaidi. Nguvu nayo hupungua, na kwa hilo hakuna dawa.

Kabla ya kuwasha, ifunge injini kwa bolti juu ya ubao wa mti mgumu, na ubao uufunge imara kwenye meza nzito, nje ya nyumba. Rafadha iliyovunjika itupwe, isigundishwe kwa gundi. Ili mzazi aelewe sababu, nimefanya hesabu hii: rafadha ya inchi 10, inayozunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 570 kwa saa. Kipande kikikatika kwa mwendo huo hakimchagui mtu. Watu wote wakae nyuma ya injini, asiwepo mtu mbele wala ubavuni, na shati lisiwe na mikono mipana wala tai.

Fungua sindano mizunguko miwili na nusu. Ziba mdomo wa kabureta kwa kidole, zungusha rafadha mara mbili ili ivute mafuta, kisha uondoe kidole. Hapo ndipo uunge betri kwenye plagi: betri moja kubwa ya tochi yatosha. Ukiunga betri ya gari ya volti 12, uzi utakatika kabla hujapepesa macho. Piga rafadha kwa fimbo iliyovishwa kipande cha mpira wa maji, usiipige kwa kidole. Ikiwa imekuwa ngumu ghafula kuzungusha, mafuta yamejaa juu ya pistoni. Usiilazimishe, kwani mkono wa pistoni utapinda. Toa plagi, zungusha, mafuta yaruke nje, uanze upya.

Ikiwaka, iache sekunde chache, ondoa betri, kisha ukiwa nyuma yake funga sindano polepole. Mlio utapanda. Ukifika kileleni, rudi nyuma kidogo mpaka mlio ushuke kidogo. Wanaoanza hupenda kuiacha pale kileleni kwa kuwa mlio unafurahisha, na hapo ndipo injini nyingi hufa. Mafuta yakipungua ndani yake, ulainisho nao hupungua, maana vyote viwili hupita njia moja. Ukitaka kuizima, bana mpira wa mafuta. Injini mpya, au ya zamani iliyofunguliwa kama hii ya koplo, iendeshwe matangi ya kwanza sindano ikiwa wazi zaidi, itoe moshi, isikimbizwe.

Sasa naomba akina mama na akina baba waache kazi nyingine wasome sehemu hii kwa makini, maana nina kosa langu mwenyewe la kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipoanza mchezo huu, nilinunua lita moja ya methanoli katika duka la kemikali za maabara. Dumu lilikuwa likivuja kifunikoni, nami, mtu niliyesomea ualimu na kuwafundisha watoto wa watu sayansi, nikaimimina katika chupa tupu ya waragi na kuiweka kabatini nyuma ya vikombe. Niliandika karatasi, nikasahau kuibandika. Jumapili ile alikuja shemeji yangu kutoka kijijini. Mimi nilikuwa nje nikipanga viti. Alipofungua kabati kutafuta glasi aliiona chupa, akafurahi, akamimina. Mke wangu aliingia na sinia ya matoke akaiona glasi mkononi mwake. Hakuuliza neno. Aliipiga ile glasi ikaruka ukutani, na mgeni wetu alidhani amechukiwa. Mpaka leo, akija kwetu, hanywi kitu ambacho hakufunguliwa mbele ya macho yake, nami sina cha kumlaumu.

Methanoli haina rangi. Harufu yake na ladha yake hukaribia za pombe tunayoijua, hata mlevi mzoefu hawezi kuzitofautisha. Mwezi wa Aprili 2010 nchi yetu ilizika watu wapatao 80, wengi wao wa Kabale, waliokunywa waragi uliotiwa methanoli. Ndani ya mwili, ini huigeuza ikawa asidi ya fomiki, ile ile wanayoirusha chungu wa maji moto, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa macho. Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu mzima, na mililita 30 zaweza kumwua. Mtoto huhitaji kidogo zaidi ya hapo kumpata balaa? La, huhitaji pungufu sana.

Ubaya wake mwingine ni kwamba haina haraka. Aliyeikunywa huonekana amelewa kidogo tu, hulala, na dalili zenyewe huweza kuja baada ya saa 12 hata 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, pumzi za haraka, na macho kuona ukungu mweupe. Usingoje dalili hizo. Mpeleke hospitali saa ile ile hata kama anacheka, na uchukue chupa yenyewe ili daktari ajue anachopigana nacho. Dawa ipo, lakini iko mikononi mwa daktari, si jikoni. Usimtapishe kwa nguvu.

Kwa hiyo, methanoli ikae katika dumu lake la kiwandani au dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu na kuchorwa fuvu kwa ajili ya asiyejua kusoma. Lifungiwe kwa kufuli nje ya chumba cha chakula. Hupenya ngozi pia, basi ikikumwagikia nawa kwa maji mengi. Na ikishika moto wakati wa mchana, mwali wake ni wa buluu hafifu usioonekana juani. Utaona tu meza inaanza kukunjamana. Tofauti na petroli, methanoli huchanganyika na maji, kwa hiyo maji mengi huizima. Ndoo ijae maji kabla ya kuwasha injini, iwe karibu.

Baada ya kazi, usiirudishe injini sandukuni ikiwa na mafuta. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani, na katika miezi yetu ya mvua beringi za shafti zitashika kutu kabla ya mwisho wa juma. Mwaga tangi, washa tena injini mpaka imalize matone yaliyobaki na kuzima yenyewe, kisha tia matone manne ya oili nyepesi katika kabureta na mengine katika tundu la plagi, izungushe mara kumi, uifunge katika kitambaa kikavu.

Kuhusu kurusha, namshauri koplo aanze na ndege ya kamba. Hiyo huzunguka duara, mrushaji akiwa katikati ameshika nyaya mbili za chuma zenye urefu wa kama mita 15. Nyaya hizo hupitisha umeme, kwa hiyo uwanja wenye nyaya za umeme karibu haufai, hata ukiwa mpana. Ndege ya redio ni shauri jingine: vyombo vya kuruka visivyo na rubani vinahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Na hata hiyo ya kamba, kwa kuwa koplo anakaa kambini, amwone kwanza mkubwa wake. Mlio wa injini ya mizunguko 12,000 ukisikika ghafula nyuma ya ghala la silaha hautachukuliwa kuwa mchezo wa mtoto.

Aniandikie injini ikizunguka. Juma lijalo tutamjibu mama mmoja wa Jinja ambaye cherehani yake inaruka mishono kila anapofika penye pindo nene la sare.